Sola ya Apolonia

Apolonia aliposikia pikipiki ikinguruma kutokea upande wa Malinyi, alipanda haraka kwenye paa la dungu lake, kibanda cha shambani, akafungua kamba, akaishusha sola. Aliilaza juu ya turubai, kisha akasambaza mpunga juu yake, kama anauanika.

Msimu wa mpunga watu wa bondeni huhama kijijini na kuishi shambani, kila mtu na sola yake. Apolonia, mjane asiyemwamini mtu upesi, alikuwa na sababu ya kuificha yake. Jirani yake Beatus alishamwambia, "Ukionekana na sola, wanakuandika kuwa una umeme. Nguzo za umeme zitakupita hivihivi." Na Apolonia alizitaka nguzo kuliko kitu chochote, apate friji kubwa. Samaki wake, perege wa kuuza, walikuwa wakiharibika kabla ya siku ya gulio, na sola yake haiwezi kuendesha friji. Tena hakusahau: waliwahi kuja watu wapole kuuliza nani analima bondeni, na msimu uliofuata bikoni za mpaka mpya zikapandwa mashambani mwao.

Binti wa pikipiki alijitambulisha kwa jina la Jane, akitokea Ifakara. Alikuwa na kishikwambi na adabu nyingi. Adabu ile ndiyo iliyomtia Apolonia wasiwasi zaidi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba."

"Una sola?"

"Sina."

Jane alitazama juu. Waya ulikuwa unaning'inia kutoka paani. Apolonia akaona aibu, lakini hakukwepesha macho.

"Pole basi," Jane alisema taratibu. "Mradi huu ni wa kubadilisha betri zilizochoka. Wenye sola ndio wanaoandikwa."

Betri ya Apolonia ilikuwa imechoka kweli. Taa ilizimika hata ugali haujaiva. Lakini mbona huyu anasema sasa, baada ya kuuona waya?

"Nikiandikwa, nguzo zitanipita?"

"Nguzo ni idara nyingine, bibi."

"Na hiyo idara nyingine hamzungumzi nayo?"

Jane alipangusa kioo cha kishikwambi kwa kidole. "Sijui," alisema, na Apolonia akamwamini hapo tu, kwa neno hilo moja.

Aliinama, akausogeza mpunga kwa mikono miwili mpaka kioo cheusi kikaonekana.

"Haya, andika. Nina sola na betri imekufa. Halafu uandike kwamba nguzo bado nazitaka, kwa ajili ya samaki."

Jane aligusa kioo hapa na pale, akaishusha fomu chini, akairudisha juu. Alitafuta kwa muda mrefu, jasho likimtoka.

"Humu hamna pa kuandika hilo la nguzo, bibi. Ni una sola, au huna."

Apolonia alimtazama bila hasira. Kisha akachukua reki, akaurudisha mpunga juu ya kioo, akausawazisha vizuri mpaka pembeni.

"Basi sina," alisema.