Fundi Aliyeniamkia

Hili sikuhadithiwa na mtu. Mikono iliyoshika usukani siku ile ndiyo hii inayoandika. Ukiona jambo zito kuamini, soma taratibu tu; nitakueleza hatua kwa hatua, nawe utapima mwenyewe.

Nilifika Kimamba enzi za Mwingereza, nikitokea Nyasaland, mimi na mke wangu Enelesi na lori kuukuu nililolinunua kwa jasho la miaka sita. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na saba. Kazi yangu ilikuwa kubeba marobota ya katani kutoka shambani Rudewa hadi stesheni ya Kimamba. Huko mkonge ulikuwa umepandwa kwa mistari iliyonyooka mpaka macho yanachoka, na gari likikuharibikia humo katikati huna wa kumwita.

Mgeni akiharibikiwa na gari huwaza jambo moja: wataniibia vifaa. Nami niliwaza hivyo hivyo. Rejeta yangu ilipoanza kuvuja, nililipeleka lori kwa Fundi Omari, mzee mwembamba aliyekuwa na gereji nyuma ya soko. Kwa usiyejua, rejeta ndiyo inayopoza maji ya injini. Maji yakiisha, injini inaungua. Mzee aliifungua, akailehemu, kisha akaniambia niiache ilale mpaka kesho ili aijaribu kwa maji kabla ya kuifunga.

Nilipoitazama, niliona kama si yangu. Yangu nilizoea kuiona na matope, hii ilikuwa inang'aa. Basi nikaanza kelele: amenibadilishia, yangu ameiuza, hii ameing'oa kwenye lile gari bovu lililolala uani.

"Mnyasa," mmoja wa vijana wa gereji alinitania, "msalimie mzee kwanza, ndipo umgombeze."

Watu wakacheka, nami nikazidi kupandwa na hasira. Kwetu hatukuwa na shikamoo, unaona. Enelesi alijifunza kuamkia wiki ya kwanza tu, akawa ananisihi kila siku nifanye hivyo. Mimi niliona haiwezekani nimwamkie mtu ninayempa kazi. Siku ile nikamwita Fundi Omari mwizi mbele ya wateja wake, nikaifunga rejeta kwa mikono yangu, nikapanda lori langu.

Mzee alijifuta mafuta kwa tambara. Hakupandisha sauti.

"Haya, nenda," alisema. "Siku utakayonihitaji, nitakuamkia mimi."

Nilidhani ni kejeli. Wewe ungedhani nini?

Siku ya nne Enelesi alishikwa na uchungu. Mkunga wa kambi ya wafanyakazi wa shamba, Mama Sikujua, alihangaika naye tangu alfajiri. Ilipofika saa sita mchana alitoka nje, akaniambia mtoto amekaa vibaya. Nisipowafikisha hospitali ya Kilosa nitawakosa wote wawili. Tulimlaza mke wangu nyuma ya lori juu ya turubai, mkunga akakaa kichwani pake, nikapiga hendeli, injini ikawaka, tukaondoka.

Katikati ya mkonge rejeta ilifumuka, pale pale palipolehemiwa, pale ambapo mzee alitaka paachwe palale. Nilikuwa na debe moja la maji. Nikalimimina lote, nalo likapita lote likamwagika mchangani. Nyuma yangu Enelesi alikuwa analia kwa sauti iliyokuwa inazidi kuwa ndogo.

Ndipo nikamwona. Wanaoujua mkonge wanajua kwamba mtu hupita kati ya mistari. Akiikata mistari, miiba humrarua. Yeye alikuwa anakuja akiikata. Kanzu yake ilikuwa mpya, nyeupe, haina mchaniko wala doa la girisi. Alikuwa Fundi Omari. Kabla sijajua niombe radhi vipi, aliinamisha kichwa.

"Shikamoo, bwana dereva."

Mama Sikujua alipiga ubao wa lori kwa kiganja. "Usiitikie," alisema.

Lakini mtu wa kuokoa roho mbili alikuwa amesimama mbele yangu. Tena, nisikufiche, moyoni nilifurahi kidogo kuamkiwa.

"Marahaba," nikasema.

Aliweka kiganja chake juu ya rejeta iliyokuwa inafoka mvuke. Sikusikia ngozi ikiungua. Mvuke ulikatika.

"Endesha," alisema. "Usizime mpaka ufike."

Niamini, lori lile lilikwenda hadi Kilosa bila tone la maji ndani yake. Njiani mikono yangu ilianza kutetemeka na mgongo kuuma, nikafikiri ni hofu. Hospitalini mhudumu aliniuliza, "Mzee, huyu ni binti yako?" Nikafikiri ni vumbi la njiani. Saa kumi nikasikia mtoto analia, wa kike, mzima. Nikaingia mbio.

Enelesi aliniangalia kwa adabu, kama unavyomwangalia mgeni.

"Shikamoo, baba," alisema. "Dereva aliyenileta, mume wangu, amekwenda wapi?"

Nilijiona kwenye kioo cha dirisha. Nywele zilikuwa nyeupe zote.

Mama Sikujua alinivuta nje. "Fundi Omari tulimzika juzi," alisema. "Mzee haamkii kijana. Akikuamkia, ana mzigo anataka kukutwisha, na ukiitikia umeupokea."

Enelesi alinikubali baada ya mwezi mzima, kwa sababu sauti yangu ilibaki ile ile. Binti yetu alikua akiulizwa na wenzake kwa nini anamwita babu yake baba. Baadaye niliifungua ile rejeta. Chini yake nilikuta alama niliyoichonga mwenyewe kwa patasi siku niliyolinunua lori. Ilikuwa yangu. Nilikwenda kaburini kwa mzee, nikamwamkia mara tatu. Hakuna kilichojibu.

Sasa miaka yangu ya kweli imeufikia uso huu. Mwezi uliopita nilikuwa natembea kwenye barabara ya Rudewa, nikamkuta kijana ameinamia boneti iliyo wazi. "Wewe mzee, una maji?" aliniuliza, bila salamu. Shingo yangu ikaanza kuinama yenyewe, na neno likafika ulimini. Niliung'ata ulimi mpaka ukatoka damu, nikaondoka.

Sijui kama nitaweza kujizuia tena. Kwa hiyo, mwanangu unayesoma, popote uendapo ugenini, wahi wewe kuamkia, hata kama unaamini umeibiwa. Na mzee akikuwahi yeye, gari likiwa limekufa na hakuna mwingine wa kukusaidia, nyamaza. Nyamaza hata kama mzee huyo ni mimi.