Kete za Afande Adoch

Afande Adoch alistaafu polisi akiwa na sauti ya gwaride na imani moja kubwa: kwamba dadu zinamchukia. Kila Jumamosi alasiri alitoka kwake Luzira, jijini Kampala, akaenda Bugolobi, kwenye duka la vitenge la rafiki yake Hajati Shamsia, wakacheza bakgamoni, mchezo wa dadu na kete, kwenye bao la mbao ambalo Shamsia alilirithi kwa babu yake. Na kila Jumamosi Adoch alikula kibano.

"Dadu yako iko na majini, Hajati," alilalamika.

"Majini hapana, Afande. Ni kichwa," Shamsia alijibu, akijigonga paji la uso kwa kidole chenye hina.

Neno hilo lilimchoma Adoch kuliko alivyoonyesha. Tangu avue sare alikuwa na hofu ambayo hakumwambia mtu, kwamba kichwa chake kinaanza kuota kutu. Kama anashindwa na dadu, sawa, bahati mbaya haina aibu. Lakini kama anashindwa kwa akili? Alitaka ushahidi. Miaka yake ya kazi aliimaliza akichapa taarifa za upelelezi, na maneno ya dukani hayakumtosha.

Ndipo alipopakua programu ya bakgamoni kwenye kompyuta yake kuukuu. Unacheza nayo, kisha inaupitia mchezo wote hatua kwa hatua na kukuonyesha kwa rangi nyekundu ulipoharibu, huku ikitenga kosa lako na ubaya wa dadu.

Majibu yalikuja mekundu tupu. Dadu zake zilikuwa za kawaida kabisa, kama za binadamu wengine. Mwenye kesi alikuwa yeye.

Tena kosa lilikuwa lile lile kila mahali. Katika bakgamoni, kete iliyosimama peke yake inaweza kupigwa na kurudishwa mwanzo. Zikiwa mbili pamoja haziguswi. Sasa hebu mwambie askari aliyekesha doria maisha yake yote amwache mwenzake peke yake! Adoch alizitembeza kete zake mbili mbili, zikarundikana nyuma kama zinasubiri mshahara, huku Shamsia akijinyakulia uwanja.

"Wewe nani alikufundisha kazi ya kulinda?" aliifokea kompyuta. "Askari moja kwa barabara, wanamuua!"

Kompyuta haikujali cheo. Ilimpiga nyekundu tena.

Alinuna siku nzima, akasonga ugali wa wimbi kwa hasira, kisha akarudi mezani. Alijilazimisha kuitanguliza kete moja mapema, ikashike mahali pazuri na kumngoja mwenzake. Mara ya kwanza aliona kana kwamba amempeleka mwanawe mwenyewe doria. Kete ikapigwa. Adoch akasubiri dunia iishe, haikuisha. Akairudisha uwanjani, akaendelea, na mwishoni kompyuta haikuona kosa lolote pale. Alicheka peke yake jikoni mpaka jirani akauliza kama amepata wageni.

Jumamosi iliyofuata aliingia dukani na kompyuta kwapani.

"Hii itaandika tu, Hajati. Haisemi kitu mpaka tumalize."

"Na isikunong'oneze," alisema Shamsia, akaigeuza skrini ili wote wawili waione.

Wakaanza. Kila dadu ziliporushwa na kete kusogezwa, Adoch aliandika kwa vidole viwili, taratibu, kama anachukua maelezo ya shahidi. Akaacha kete moja nje. Shamsia akatoa macho.

"Afande, leo unaumwa?"

"Tembea, Hajati."

Chai ikapoa bila kuguswa. Kufikia mwisho, pale ambapo anayetangulia kutoa kete zote ubaoni ndiye mshindi, Adoch alikuwa amebakiza moja tu. Shamsia alikuwa na nne, zote zimebakiza hatua sita kutoka, na hakuna cha kumwokoa isipokuwa sita mbili kwa mpigo, maana dadu zikifanana hesabu inachezwa mara nne. Akazitikisa dadu, akasoma bismillahi, akarusha.

Sita na sita.

"Nilikwambia!" Shamsia akapiga makofi, meno yote nje. "Kichwa!"

Adoch aliivuta kompyuta karibu. Alibonyeza kitufe, akangoja. Hesabu ikatoka: makosa makubwa, karibu yote ya Shamsia. Bahati, karibu yote ya Shamsia pia. Adoch aliisoma, akaisoma tena, kisha akasimama na kupiga kigelegele kilichowafanya waendesha bodaboda nje wageuke.

"Nani ameshinda?" aliuliza mteja aliyekuwa akichagua kitenge.

"Mimi," alisema Shamsia.

Hakuna aliyemsikia. Mteja alikuwa tayari ameushika mkono wa Adoch. "Weebale, nyabo! Hongera, mama!"

"Nimeshindwa!" Adoch alimwambia, machozi ya furaha yakimtiririka. "Nimeshindwa na dadu tu! Kichwa yangu iko, nyabo! Iko!"

Shamsia aliitazama ile mistari myekundu kwenye jina lake. Kisha akavaa miwani, akavuta kigoda karibu na kompyuta.

"Afande," alisema kwa sauti ya chini, "hebu nionyeshe. Hapa nilikosea nini?"