Kichwa Kilichotogwa Masikio

Chokaa ikitiwa maji, harufu yake hunikumbusha kwanza bibi yangu akipaka jani la tambuu, midomo myekundu, masikio yametogwa. Chokaa hiyo akiichoma mwanawe, yaani baba yangu, kwa matumbawe.

Sasa, Mzungu mmoja alikuwa na chumba cha sanamu za marumaru za Warumi wa kale, watu wakienda kutazama. Akafa. Aliyenunua nyumba akazitoa sanamu uani, akamwita baba, na wakati huo kwetu hamna kazi wala unga.

“Fundi, nichomee mawe haya. Yatatoa chokaa nyeupe pe.”

Baba akafuta vumbi kichwa cha mwanamke.

“Bwana, huyu katogwa masikio kama mama yangu.”

“Jiwe hilo! Wanao watakula sanamu?”

Baba akakilaza kichwa majanini taratibu, akachukua shoka lake la kuni za tanuri, akaenda zake. Nyumba ile hakuikanyaga tena.