Njiti Aliyeogeshwa

Nilikuwa mkunga wa zahanati kwa miaka sita, kwenye kijiji cha mpunga na ng'ombe, mwendo wa saa moja kwa bodaboda kutoka Majimoto. Sasa nakaa Majengo, Mpanda mjini, na watu wakiniuliza kazi ile ilikuwaje huwa nawaambia ilikuwa kazi ya kufuta. Mtoto akitoka, unamfuta haraka, maana majimaji aliyotoka nayo yakimkaukia mwilini yanaondoka na joto lake, na kichanga hajui kutetemeka kama wewe na mimi. Njiti, yule aliyezaliwa kabla ya siku zake, ndiyo kabisa. Chini ya ngozi hana hata mafuta. Unamfuta, unamlaza kifuani kwa mama yake, ngozi kwa ngozi, unawafunika wote wawili. Kuogesha, subiri kesho. Niliyasema hayo kila siku ya kliniki mpaka baadhi ya kina mama wakawa wananiigiza sauti.

Haya, sasa sikiliza nilichofanya mimi mwenyewe.

Binti mmoja aliletwa asubuhi, mimba ya kwanza, miezi minane, uchungu umeshamkolea. Alikuwa ameolewa kwenye familia ya Wasukuma waliohamia na mifugo kutoka kaskazini. Mama mkwe wake alikuwa njiani anakuja kwa miguu, kwa sababu aligoma kupanda pikipiki. Kabla hajafika, mtoto akatoka. Wa kiume, mdogo, analia vizuri tu, amefunikwa utando mweupe mwili mzima kama samli iliyoganda.

Njiti wengi huzaliwa hivyo. Utando ule unatengenezwa na ngozi ya mtoto mwenyewe, unamlinda. Lakini nenda kawaambie watu! Kule wengi wanaamini ni mbegu za mwanaume, kwamba mama hakujizuia mimba ilipokuwa kubwa. Mtoto akitoka mweupe hivyo, wanawake wanatazamana, halafu wanacheka, na mama wa watu anaishi na kicheko hicho miaka.

Huyu hakuwa anaogopa kicheko tu. Alinishika mkono.

"Nesi, mwogeshe. Mama anakuja. Mume wangu yuko machungani toka tulipopandikiza mpunga. Watasema nina bwana."

"Mficha uchi hazai," nikamwambia. "Wewe umeshazaa, unaficha nini tena?"

Hakucheka. "Nakuomba, mayu," akasema, akiniita mama kwa Kisukuma. "Watanirudisha kwetu."

Nje tukasikia sauti ya mwanamke mtu mzima ikisalimia watu kwenye benchi. Mimi si mtu wa huruma nyingi, niliofanya nao kazi wanajua. Lakini mvua ilikuwa imekatika, jua limerudi, chumba kinafukuta, jasho linanitiririka mpaka kwenye kope. Nikajiambia, kwa joto hili, maji ya uvuguvugu yatamfanya nini mtoto? Nikamwogesha kwenye beseni. Dakika tatu, hazikufika nne. Nikamkausha, nikamfunga kwenye khanga tatu na blanketi juu. Nilipogeuka nimpe mama yake, nikakuta damu imejaa kitandani.

Mtoto nikamweka mezani. Mimi na mhudumu wa zahanati tukahangaika na mama: sindano, dripu, kukanda tumbo. Mama mkwe nikamruhusu aingie amwangalie mjukuu. Damu ilikuwa inaanza kupungua aliponiita.

"Nesi, huyu mtoto ni wa baridi."

Nikamgusa mguu. Jamani! Kipimajoto kikasoma thelathini na nne na nusu, na alikuwa ameacha kulia.

"Mbona tumemfunika hivi?" bibi akauliza.

Blanketi halipiki joto. Linatunza lile alilonalo mtoto, na la huyu nilikuwa nimelimwaga na maji ya beseni. Hilo sikumwambia. Nilimwambia avue blauzi. Binti mwenyewe alikuwa anatetemeka kwenye dripu, hakuwa na joto la kumgawia mtu. Nilitegemea ubishi, lakini bibi alivua bila neno, akakaa kwenye stuli, nikamlaza mtoto katikati ya matiti yake, nikamvisha kofia, nikawafunga pamoja kwa khanga.

"Asipopata joto?"

"Atashindwa kunyonya. Halafu atashindwa kupumua."

Akamkumbatia, akakaa hivyo hivyo bila kusogea. Kila baada ya nusu saa nilipima. Thelathini na tano. Thelathini na tano na nusu. Niliogopa, nisiseme uongo. Nilipofika mara ya tatu nikamkuta amepitisha kidole nyuma ya sikio la mtoto, na kidole kimetoka cheupe. Hapo sikuwa nimesugua vizuri. Nikasema moyoni, yamekwisha.

"Nani amemwogesha?"

"Mimi."

"Kwa sababu ya hii?"

Nikajifanya nasoma kipimajoto. Bibi akamtazama mkwe wake, aliyekuwa amelala, damu imeshakata.

"Mimi wa kwanza wangu nilimwosha mwenyewe," akasema polepole. "Mtoni, mama mkwe asije akaona. Alipofika hakuona kitu. Mtoto alikuwa safi, amekufa."

Akaupaka utando ule mgongoni mwa mtoto, akamfunika. Kisha akaniomba nisimwambie binti habari ya yule mtoto wake wa mtoni, asije akamdharau.

Jioni mtoto alifika thelathini na sita na nusu, akafungua macho, akaanza kutafuta ziwa. Nikamhamishia kifuani kwa mama yake. Bibi alikuwa nje anafua khanga. Neno la kwanza la yule binti likawa, "Mama hajaona?"

"Hajaona," nikamjibu.

Tumefundishwa kutunza siri za wagonjwa, na hapo nilikuwa na mbili, nikazitunza zote. Siku ya tano wakaondoka, bibi mbele, binti nyuma, ameinamisha macho, mtoto kifuani. Yale maji nilishajisamehe, kwa kuwa mtoto alipona. Lile neno moja, "Hajaona," sijajisamehe. Nilimrudisha yule binti nyumbani akaishi akimwogopa mtu pekee ambaye angemtetea.