Ndege Aliyegeuza Shingo

Verna Tollefson alikuwa mke wa mkulima hapa kwetu Iowa, Marekani, mtu wa maneno machache. Kahawa yake ilikuwa chungu, hata mchungaji aliinywa kwa adabu tu. Lakini mikono ile! Kila Jumatano sisi kina mama wa kanisa tulikutana kushona mablanketi ya viraka, na michoro mizuri yote ilikuwa yake. Aliitandaza mezani, anayetaka achukue. Sharti letu ni moja, la tangu enzi za mama zetu: ukishona mchoro wa mwenzio, andika jina lake kwenye kitambaa cha nyuma.

Alipofiwa na binti yake, Solveig, hakutandaza mchoro majira yote ya baridi. Kisha akaja na mchoro wa mbayuwayu juu ya ghala, wote wakitazama mbele, ila mmoja kageuza shingo.

"Huyo anatazama nini, Bi Verna?" nikamuuliza.

"Nyumbani."



Janelle, mmoja wa vijana wetu pale mezani, aliomba kuunakili. Akapewa. Kabla mahindi hayajachanua, mchoro ule ulikuwa unauzwa madukani kwa jina la Janelle. Nikamfuata jikoni kanisani.

"Janelle mwanangu, wale ndege si wa Verna?"

"Shangazi, nimebadilisha! Pembe nne ni zangu, na yule ndege aliyekosewa nimemnyoosha. Ukibadilisha sehemu moja kati ya kumi, mchoro ni wako. Kila mshonaji anajua."

"Nani kasema?"

"Wote! Au mnataka kila unyoya niuandikie jina?" Akacheka, akaendelea kukata keki.

Kweli, wote husema hivyo. Lakini amri ninayoijua mimi imesema usiibe. Haikusema ukibadilisha pembe umesamehewa.

Verna hakugombana na mtu. "Wakiliona blanketi langu kwenye maonyesho ya wilaya, watajua," alisema. Akashona mpaka vidole vikavimba, na nyuma akaandika jina lake na la Solveig.

Siku ya maonyesho mwamuzi alilifunua, akalitazama, akatikisa kichwa.

"Mama, mchoro huu ni wa Janelle, unauzwa. Tena ndege mmoja umemshona kinyume. Weka jina la mwenyewe nyuma, tutakupokea."

"Jina lake niliandike juu ya la mwanangu?"

"Ndiyo sheria, mama. Hatupokei vya kuiga bila jina la mwenyewe."

Sheria yetu wenyewe! Nilianza kubisha, Verna akanishika mkono. Akalikunja blanketi, tukarudi.

Tangu hapo hakutandaza mchoro mezani. Jumatano alikuja, akashona vya wengine, akaandika majina yao nyuma, akaenda zake.

Tulimzika mwaka jana. Mumewe alilitandika blanketi lile juu ya jeneza. Nyuma yangu nikamsikia Janelle akinong'ona, kwa huruma kabisa:

"Maskini, alivyoupenda mchoro wangu. Ila yule ndege hakumrekebisha."

Mchungaji akasema tuombe. Nilifumba macho kama wenzangu. Amina haikutoka.