Mbwa Aliyeitwa Ngoja

Harufu ya mbwa aliyelowa haina adabu. Inaingia ndani bila hodi, inakaa kwenye mapazia, na ukifungua dirisha haitoki. Juzi nimerudi zangu kutoka zamu pale hospitali, miguu imevimba, nataka kitanda na si kingine, nikamkuta mbwa wa jirani amejikunja mlangoni kwangu, hapa Bulyaga, mvua ya Tukuyu imemnyeshea mpaka anatetemeka. Nikainua mguu nimfukuze. Ile harufu ikanipanda puani, nikabaki nimesimama na funguo mkononi, nimerudi kwetu Masoko, mtoto wa kike mwenye fimbo na kondoo, na mbele yangu anakimbia mbwa mweusi mwenye kifua cheupe. Jina la mbwa yule lilitusumbua kuliko mbwa mwenyewe. Aliitwa Ngoja.

Ninyi mliokulia mjini huenda mnadhani jina la mbwa ni jina tu. Kwetu si hivyo. Jina la mbwa ni maneno uliyoshindwa kumwambia mtu usoni. Unamwita mbwa wako kwa sauti, mhusika anasikia huko aliko, na wewe huna kesi. Mama Gwamaka, jirani yetu wa ng'ambo ya migomba, alikuwa na mbwa anaitwa Mtajiju, na kila jioni akimwita aje kula, mawifi zake wote walijua wanasemwa. Kwa hiyo siku baba alipokuja na mtoto wa mbwa ndani ya koti, akatangaza kwamba huyu ni Ngoja, majirani walikuna vichwa. Ngoja nini? Nani anatishiwa? Mama Gwamaka alinuna siku kadhaa, hata chumvi hakuja kuomba, kumbe masikini wala hakuwa yeye.

Baba alimpata kule juu kwenye baridi, upande wa Kitulo, kwa mtu mmoja mfuga kondoo ambaye baba alimsaidia kujenga uzio. Mama yake yule mbwa, baba alisema, alikuwa akiswaga kundi zima peke yake huku mwenye mali anaota moto. Sisi kondoo wetu walikuwa wa kuhesabika, wengine wana kikohozi, lakini baba alikuwa hivyo: alianza na mbwa, kundi lingefuata. Muda mfupi baadaye akafunga begi lake aende Chunya kwenye machimbo ya dhahabu. Alisimama pembeni ya jiko, mama ameshika kanga yake kifuani, akamwambia, "Mama Atupele, ngoja kidogo tu. Nikipata narudi, tunapandisha nyumba ya matofali." Kisha akamkuna mbwa kichwani, akacheka kwamba huyu ndiye atakayekuwa akimkumbusha. Na mimi nikacheka. Nilidhani ni utani wa mbwa.

Basi tukabaki watatu, mama, mimi na Ngoja, na kazi ya kumfundisha ikawa yangu baada ya shule. Jamani, mbwa yule. Damu ya kuswaga alikuwa nayo, ila hakujua aswage nini. Alianza na kuku wa Mama Gwamaka, akawakusanya kwenye kona ya choo akawalinda mpaka wakaacha kutaga. Siku moja akinamama wa kwaya walikuwa wanatoka mazoezini, wanapiga soga zao njiani, yeye akawazunguka, akawazunguka, hadi wakajikuta wamebanana katikati ya njia na vitabu vyao vya nyimbo, hakuna anayethubutu kutoka. Niliwaomba radhi hadi nikakauka koo. Yeye kakaa pembeni, ulimi nje, ameridhika na kazi.

Kondoo aliwajua baadaye, na alipowajua hakuwa na mchezo tena. Tulizunguka nao kila mahali palipokuwa na majani: kando ya mashamba ya chai, kwenye mibuni inapochanua na kunukia mpaka kichwa kinauma, chini kijitoni ambako Ngoja alikuwa akinywa maji na kukohoa kwa pupa, halafu juu kwenye mteremko unaozunguka ziwa. Pale majani yalikuwa mazuri kuliko pote, na pale ndipo mama alipokuwa hataki nifike. Ziwa letu liko ndani kabisa, kingo zake zimesimama, na udongo ukilowa hauna mshiko. Mimi nilikaa juu, Ngoja akizunguka upande wa chini, na kondoo aliyeshuka alirudishwa kwa kutazamwa tu.

Shida ilikuwa kumwita. Nikipaza sauti, "Ngoja!" kila mwenye masikio alisimama. Kuna mzee wa baiskeli aliyekuwa akipandisha ndizi mlimani, mikungu kushoto na kulia, na ninyi mnajua mtu akisimama na mzigo ule kwenye mwinuko, kuanza tena ni adhabu. Alisimama, akahema, akauliza nasemaje. Nikamwambia namwita mbwa. Siku ya pili vilevile. Siku ya tatu hakuuliza, alinitukana tu kwa Kinyakyusa, akaendelea kusukuma.

Jioni aliyemwita alikuwa mama. Alikuwa akishinda akichuma chai kwenye mashamba ya watu, anarudi kulima letu, kuteka maji, kumenya ndizi, na mwanga ukianza kupungua alisimama nyuma ya jiko na kuita, "Ngoja! Ngojaaa!" Mbwa akisikia hivyo alikusanya kondoo, kondoo wakashika njia, na mimi nikafuata nyuma. Mwanzoni mama aliita kwa mbwembwe, karibu aimbe. Enzi hizo baba alikuwa akipiga kwenye simu ya Mama Gwamaka, na mama alikuwa akikimbia kupitia migomba na unga mikononi. Baba alisema mambo yanakaribia, wangoje kidogo. Halafu simu zikapungua, halafu zikakatika, na Mama Gwamaka akaanza kumwonea mama huruma, jambo ambalo mama alilichukia kuliko kununiwa. Watu kanisani walimwuliza mwenzake atarudi lini. Na yeye kila jioni alipaswa kusimama pale nyuma ya jiko, mgongo unauma, na kulipaza lile neno, kijiji kizima kikisikia. Sauti ikawa kavu. Mimi niliona ni mafua.

Siku ninayotaka kuwaambia, ukungu ulishuka mchana. Si ukungu wa kusifia kwenye picha. Ule wa kwetu wa masika, unaokula kwanza mlima Rungwe, halafu migomba, halafu mkono wako mwenyewe. Mvua ikafuata. Kondoo jike mmoja, mwenye mimba, akateleza upande wa ziwa. Nilimsikia akilia chini yangu, nikashuka kwa makalio, nikishika majani, mpaka nikamfikia amenasa kwenye kichaka. Nikamkumbatia shingo. Kupanda naye siwezi, na kumwacha siwezi. Ngoja alikuwa juu na wale wengine, simwoni.

Ndipo nikasikia sauti ya mama, mbali, "Ngoja! Ngojaaa!"

Mimi, mtoto mtiifu, nikatulia. Moyo ukanijaa furaha. Mama kajua niliko, anakuja, kasema ningoje. Nikaitika kwa nguvu, "Ndiyo, mama, nangoja!" Mvua ikaimeza sauti yangu. Kumbe huko juu mbwa alikuwa amesikia jina lake, akakusanya kondoo wake, akaenda nao nyumbani kama kila jioni.

Mama aliwaona kondoo wakiingia, akamwona mbwa, akanitazamia mimi nyuma, sipo. Alitupa kila kitu akakimbilia mlimani, na Ngoja akatangulia mbele yake. Kila alipompoteza kwenye ukungu alimwita amsubiri. Na mimi kule chini nilizidi kusikia: ngoja, ngoja, ngoja. Matope yalikuwa yananitoka chini ya miguu kidogo kidogo. Nilijua kwamba nikisogea hata hatua moja pembeni, kuna mzizi ningeushika. Sikusogea. Nilikuwa nimeambiwa.

Halafu kukawa kimya. Sijui mama alikaa kimya muda gani. Aliponisimulia, alisema alikuwa amekaa chini kwenye majani, pumzi imemwishia, na ndipo alipolisikia neno alilokuwa akilipigia kelele. Akaacha Kiswahili chote. Akaita kwa lugha ya nyumbani, kwa sauti niliyokuwa sijaisikia kwake, "Gwe Atupele, isaga! Isaga!" Njoo, wewe Atupele, njoo.

Nikaurukia ule mzizi, nikaushika. Nilipoangua kilio ndipo Ngoja akanisikia, akashuka, akapita nyuma ya yule kondoo na kumbwekea matakoni mpaka mnyama akapata nguvu ya kupanda, na mimi nimeshika manyoya yake ya mgongoni. Mama alinivuta kwa gauni. Akaniuliza kwa nini nilikaa pale, na mzizi ulikuwa ubavuni kwangu.

"Si umeniambia ningoje?"

Mama alinitazama. Alimtazama mbwa. Akacheka, kicheko kimoja kibaya, kisha akalia waziwazi, mvua inamwagika usoni, hata hakujifuta. Nyumbani alinikausha motoni, na alipokuwa anakamua gauni langu alisema, taratibu, "Ungekufa pale. Ungekufa umekaa, unangoja."

Asubuhi yake akatangaza kwamba mbwa anaitwa Basi.

Majirani walikuna vichwa upya. Watoto wenzangu walisema mama ana mpango wa kununua basi la abiria, amfuate baba Chunya. Mama Gwamaka ndiye aliyeelewa, nadhani, kwa sababu alileta mkungu wa ndizi bila kuombwa na hakutaja simu. Mbwa mwenyewe alikataa jina. Ukimwita Basi anatazama pembeni. Mama alimwita hivyo kila jioni, na mimi nikamsaidia kwa vipande vya ngozi ya nyama, na taratibu akaanza kugeuza sikio, halafu kichwa, halafu akawa anakuja. Nilijivuna sana shuleni. Nilimwambia kila mtu kwamba jina la mbwa wetu limebadilishwa kwa ajili yangu, nisije nikafa ziwani.

Baba alirudi msimu wa kiangazi, mchana, wakati ambao mbwa alikuwa ameshakuwa mbwa mtu mzima. Koti jipya, amekonda, begi begani, mkononi mfuko wa sukari na sabuni. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akanishika kichwa. Mbwa alikuwa amelala kizingitini. Baba akapiga mluzi, akaita, "Ngoja!" Na yule mbwa, baada ya mafunzo yetu yote, aliinuka akamrukia kifuani, mkia unatikisa mwili mzima. Baba alicheka, akatutazama. Akasema mnaona, hajanisahau.

Mama alikuwa anamenya ndizi. Hakunyanyuka, wala kisu hakikusimama.

"Karibu, Baba Atupele," alisema. "Huyo siku hizi anaitwa Basi."

Kicheko cha baba kilibaki mdomoni kidogo, kikaisha. Akauliza tangu lini. Mama akasema tangu masika ya mwaka juzi. Akamwekea maji ya kunawa, akampakulia, akamchagulia vipande vizuri, kwa heshima zote za mume. Walikula wakiongea habari za mvua na za misiba. Kabla jua halijaelekea kuzama baba alichukua begi lake. Nilimsindikiza hadi barabarani, na mbwa katikati yetu hajui aende na nani.

Kwa miaka mingi nilimlaumu mama. Niliona mtu amesafiri kote huko, amekuja na sukari, halafu anafukuzwa kwa ajili ya jina la mbwa. Nilidhani mama ana roho ngumu, nikamwekea kinyongo, nikasoma nikiwa nacho na nikaanza kazi nikiwa nacho. Sasa nimekuwa mtu mzima, nimeolewa na nimeachika, nimekaa na simu mkononi nikisubiri ujumbe usiokuja, na asubuhi naingia wodini nikitabasamu kwa wagonjwa. Siku moja nilikwenda Masoko kumwona mama. Amezeeka, Kiswahili kimempungua, tunaongea zaidi kile cha nyumbani. Tulikuwa tunaota moto. Nikamwuliza kile ambacho sijawahi kuthubutu: je, alimchukia baba kiasi kile?

Alinishangaa kweli.

"Kumchukia?" alisema. "Nampenda yule mpaka leo. Nilikuwa nimechoka, mwanangu. Na wewe umechoka, nakuona. Nenda kalale."