Jino Juu ya Kioo

Kila ninaposikia harufu ya bukari, ugali wetu, ikiungua, namkumbuka baba barazani kwetu Likasi. Alikuwa dereva wa lori la mgodi wa Kakanda, na akirudi nyumbani hakubanduka kwenye mchezo wa simu. Siku ile mama alimwachia sufuria ya bukari juu ya mbabula ya makaa, pembeni yake. Moshi ukatanda, yeye akaendelea kupanga vidude vya rangi.

“Papa, angaria.”

“Ngojea kiloko, kidogo tu, mwana.”

Nikaweka jino langu la mbele lililong'oka juu ya kioo cha simu, katikati ya mchezo. Kidole chake kikasimama. Akanishika kidevu, akanigeuza kwenye mwanga.

“Imetoka leo?”

“Hapana, papa. Ile siku ulirudi.”

Akazima simu, akanipakata. Kisha, kwa sauti ya chini, akaniuliza jina la mwalimu wangu.